Kumchezesha Mtoto Mdogo Wakati wa Jua Kali la Mwanza: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Mtoto wa Mwaka 1 hadi 3

Mwishoni mwa Septemba jua la Mwanza husimama utosini kwa maana halisi ya neno. Mji wetu uko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Septemba na tena katikati ya Machi, jua hupita wima juu ya paa zetu, na kwa saa za Afrika Mashariki hilo hutokea kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Mvua za vuli huwa bado hazijashika, nyasi zimekauka, na mawe yaliyouzunguka mji yamekunywa joto tangu asubuhi. Kivulini kipimajoto husoma nyuzijoto 29 au 30 tu, na wageni kutoka Dar es Salaam hutucheka wanapotusikia tukilalamika. Lakini mtoto wa miaka miwili anayeshinda chini ya bati lisilo na dari hana habari na Dar es Salaam. Anachojua ni kwamba amechoka, amebanwa ndani, na hana la kufanya.

Mwili wake hupata joto haraka kuliko wetu, kwa sababu eneo la ngozi yake ni kubwa ukililinganisha na uzito wake, uwezo wake wa kutoa jasho bado ni mdogo, na akiwa katikati ya mchezo hasemi kwamba ana kiu. Ndiyo maana swali la mzazi si mchezo gani wa kununua. Ni kivuli gani kitumike saa ngapi, na maji gani yatumike. Ukishayajibu hayo mawili, vifaa vinavyobaki ni beseni, vikombe viwili na khanga kuukuu.

Hatua ya kwanza: Igawe siku upya

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linapendekeza kwamba mtoto wa umri huu apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, zikitawanywa kati ya asubuhi na jioni. Mzazi anayeona namba hiyo hushtuka, lakini hesabu yake ni nyepesi. Jua letu huchomoza kabla ya saa moja asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo ukimtoa mtoto nje saa moja na kumrudisha saa mbili na nusu, nusu ya dakika hizo zimekwisha kabla jua halijapata nguvu. Nusu ya pili huipati mpaka saa kumi jioni. Kinachobaki katikati, hasa saa tano hadi saa kumi, hakihitaji mbio hata kidogo. Ni muda wa maji, michezo ya kukaa, chakula na usingizi. Wazazi wengi, nami nikiwamo mwanzoni, hukosea kwa kumwacha mtoto alale asubuhi yenye baridi na kisha kuhangaika naye saa saba.

Kipimo changu cha kuruhusu mchezo wa nje si saa ya ukutani bali ni jiwe. Weka kiganja juu ya jiwe lililo uani, au juu ya sakafu ya saruji, uhesabu hadi tano pasipo haraka. Ukilazimika kuuondoa mkono kabla ya tano, miguu ya mtoto haina ruhusa ya kukanyaga hapo. Kipimo hicho hicho kitumike kwa bembea na mteremko wa chuma katika viwanja vya watoto. Niliwahi kumpandisha mwanangu kwenye mteremko wa namna hiyo saa nne asubuhi bila kuugusa kwanza, na kilio chake kilinifundisha adabu ambayo sijaisahau.

Upepo nao una ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kuchukua nafasi yake. Usiku mambo hugeuka. Kwa hiyo kuanzia adhuhuri fungua madirisha na milango ya upande wa ziwa, ufunge mapazia ya upande unaopigwa na jua. Kama nyumba yako haina dari, usimng'ang'anize mtoto chumbani: baraza lenye kivuli, au mkeka chini ya mwembe au mwarobaini, huwa na nafuu kubwa kuliko chumba chenye bati tupu.

Hatua ya pili: Andaa maji, na ziwa liache lilipo

Ziwa liko mbele ya macho, na mtoto akishaliona atalililia. Hapa sina lugha ya kubembeleza: ufukwe wa wazi wa Ziwa Victoria si mahali pa kumwogesha mtoto mdogo wala pa kumwacha achezee kina cha vifundo vya miguu. Mamba na viboko wanajulikana. Kinachosahaulika ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi wakati wa mwanga wa mchana, tena hasa katika maji tulivu yenye majani, yale yale ambayo mzazi huyaona salama kwa sababu hayana mawimbi, na hupenya ngozi kwa muda wa dakika chache tu bila mtoto kuhisi maumivu. Kampeni za kugawa dawa za kichocho huwalenga zaidi watoto wa shule, hivyo huyu wa miaka miwili anaweza kukaa na ugonjwa muda mrefu bila mtu kumtazama.

Hata mtoto asiyefika ufukweni anaweza kuupata, ikiwa maji ya ziwani yamechotwa kwa ndoo na kumiminwa papo hapo kwenye beseni lake. Wapo akina mama wanaofua mwaloni huku mtoto amekaa pembeni ndani ya beseni la maji yaliyochotwa dakika hiyo, wakiamini kwamba wamemkinga. Vimelea hivyo vikishatoka kwa konokono haviishi zaidi ya takriban saa 48, kwa hiyo maji yasiyo na konokono yaliyolala kwenye pipa lenye mfuniko kwa siku mbili kamili huwa hayana tena hatari ya kichocho. Tahadhari, hata hivyo: maji yaliyolala yanaweza bado kuwa na vijidudu vya kuhara, na hakuna mtoto wa umri huu anayecheza na maji bila kuyanywa. Maji ya bomba ndiyo chaguo la kwanza. Yakikosekana, tumia maji yaliyochemshwa na kupozwa au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio chake.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Beseni pana lenye maji ya kina cha vidole vitatu linatosha, na katika wiki za mgao dumu moja la lita 20 linaweza kukupa michezo miwili au mitatu. Kama bomba lako hupitia juu ya mawe kwa mpira mweusi, yaache maji ya kwanza yapite kwenye ndoo kando, kwa kuwa wakati wa mchana hutoka ya moto kiasi cha kumuunguza mtoto. Jaribu kwa upande wa ndani wa mkono wako. Maji ya kuchezea yawe ya kawaida, wala si ya barafu.

Kanuni inayofuata haina msamaha. Mtoto anaweza kuzama katika maji yasiyofika kiganja kwa kina. Kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na kiwiliwili, na akipinduka ndani ya ndoo hana nguvu ya kujiinua. Mtu mzima akae umbali wa mkono wake, simu ibaki ndani, na mgeni akipiga hodi, mtoto anabebwa kwanza ndipo mlango unafunguliwa. Usimwachie kaka yake wa miaka sita kazi hiyo. Ndoo na mapipa mengine yote ya nyumbani yafunikwe kabla mchezo haujaanza.

Hatua ya tatu: Mchezo wenyewe

Mtoto wa umri huu hukaa kwenye jambo moja dakika chache tu, na anayempa vitu kumi kwa pamoja hujikuta amevimaliza vyote kabla ya robo saa. Toa kimoja kimoja. Anza na vikombe viwili vya plastiki visivyolingana, mwache amimine kutoka kikubwa kwenda kidogo mpaka maji yamwagike. Kumwagika huko ndiko kunakomvutia, usimsahihishe. Anapoanza kutazama kando, mletee chupa ya lita moja na nusu ambayo umeitoboa mwenyewe mapema kwa msumari uliopashwa moto, tundu moja karibu na kitako, moja katikati na moja juu. Ijaze na uiinue. Maji ya tundu la chini huruka mbali kuliko ya juu, na mtoto ataziba tundu kwa kidole, atashangaa, atalizibua, na kurudia jambo hilo mara nyingi kuliko uvumilivu wako.

Kisha kuna brashi. Kati ya michezo yote niliyojaribu huu ndio ninaouthamini zaidi, na Mwanza imepewa vifaa vyake bure. Chukua brashi kuukuu ya rangi iliyooshwa vizuri, mpe mtoto kikopo cha maji, umweke mbele ya jiwe kubwa lililo kivulini, au ukuta kama uani kwako hakuna jiwe. Anapaka, jiwe linakuwa jeusi, anatazama, mchoro unafifia na kutoweka, anapaka tena. Hakuna cha kufuta, hakuna nguo inayochafuka, na kikopo kimoja cha maji hudumu nusu saa. Mwanangu huuita mchezo huo kazi. Asubuhi huulizia kazi yake iko wapi.

Kazi ya kweli, kwa jumla, humvuta mtoto kuliko mdoli. Mpe vikombe vya plastiki, sufuria ndogo na kandambili zake mwenyewe azisugue kwa kitambaa, bila sabuni nyingi, kwa sababu sabuni machoni humaliza mchezo. Mtoto aliyekaribia miaka mitatu ataupenda mchezo wa kuelea na kuzama: jani la mwembe, kijiti, jiwe la ukubwa wa ngumi na kijiko, kila kimoja kikitanguliwa na swali, "Hili litazama?" Mwenye friji anaweza kugandisha bakuli zima la maji likiwa na maua na majani ndani yake, kisha kuliweka kwenye beseni na kumpa mtoto kijiko cha kumiminia maji ya kawaida mpaka ua lijitokeze. Bonge liwe kubwa. Vipande vidogo vya barafu huweza kumpalia.

Baada ya dakika 20 au 30 mtoe, umfute na kumvisha nguo kavu ya pamba. Ukingoja mpaka achoke mwenyewe, mchezo utaishia kwenye kilio.

Hatua ya nne: Saa za ndani

Loweka khanga mbili, uzikamue. Moja itundike kwenye dirisha la upande wa upepo, na nyingine itandike juu ya meza ili pembe zake zifike chini. Maji yanapokauka kwenye kitambaa huchukua joto la hewa inayopita, na katika miezi ya kiangazi, ambapo hewa yetu ni kavu kuliko ya pwani, mbinu hii hufanya kazi vizuri ajabu. Chini ya meza umepata nyumba ya mtoto. Mpe humo boksi, kawa na sufuria tupu, naye atajipangia shughuli zake.

Kwa mchezo wa mikono, miongozo mingi hupendekeza unga wa ngano uliokandwa na chumvi nyingi. Siupendi, kwa sababu mtoto huula, na chumvi nyingi humdhuru. Nilipojaribu kutumia ugali uliopoa, mama yangu alinitazama na kusema, "Mwanangu, chakula hakichezewi," kisha akatoka na kurudi na bonge la udongo wa mfinyanzi. Alikuwa na haki. Watoto wa Usukumani wamefinyanga ng'ombe wa udongo kwa vizazi, pembe, nundu na yote, na mtoto wa miaka miwili asiyeweza kutengeneza ng'ombe huridhika kuuponda na kuutoboa kwa gunzi la mahindi. Chukua udongo uliochimbwa chini, si ule wa juu unaokanyagwa na kuku na mbwa, na umnawishe mikono kwa sabuni akimaliza.

Kila kitu unachompa kipime kwanza kwa kiini cha karatasi ya chooni, lile bomba la boksi la katikati: kinachopita ndani ya kiini hicho kinaweza kupita kooni na kuziba. Vifuniko vya soda vinapita. Shanga, maharage na betri ndogo za saa vinapita pia.

Kuhusu runinga na simu, mwongozo ule ule wa 2019 haupendekezi kabisa skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kuanzia miaka miwili unaweka kikomo cha saa moja kwa siku. Nami naiweka saa hiyo mwishoni mwa mchana, pale kila kitu kingine kinapokuwa kimeshindikana. Usingizi ndio wenye thamani zaidi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 huhitaji saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, pamoja na usingizi wa mchana, na saa saba hadi saa tisa ndiyo nafasi yake. Mlaze akiwa na nguo nyepesi, kwenye godoro lisiloguswa na jua la dirishani.

Hatua ya tano: Kunywa na kula

Jumla ya vimiminika anavyohitaji kwa siku, ukijumlisha maji, maziwa na vilivyomo kwenye chakula, ni karibu lita moja hadi lita moja na robo, na joto huongeza. Usimngoje aombe. Mpe kikombe kidogo kila nusu saa anapokuwa macho, na kama bado ananyonya, mwache anyonye mara nyingi zaidi. Uji wa ulezi uliopoa hunywewa vizuri wakati uji wa moto unakataliwa. Tikitimaji lililotolewa mbegu, chungwa lililomenywa, tango na michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) iliyochemshwa ikalainika ni vitafunwa vinavyokubalika mchana. Juisi ya embe au ya ukwaju isiyo na sukari nyingi inaweza kugandishwa kwenye kikombe cha plastiki chenye kijiko kilichosimamishwa katikati, naye akailamba akiwa amekaa ndani ya beseni tupu, jambo linalokuokoa na kudeki.

Maembe yakiingia, Novemba hadi Januari, mpe kokwa kubwa lenye nyama kidogo kabla tu ya kuoga, si baada yake. Usimpe karanga nzima, bisi wala ubuyu wenye mbegu. Soda haikati kiu ya mtoto.

Hatua ya sita: Mkitoka

Kofia yenye ukingo, shati la pamba la mikono mirefu na chupa ya maji ndivyo vifaa vyote. Mtoto mwenye ualbino anahitaji zaidi: mafuta maalumu ya kukinga jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi, miwani, na kuepuka jua la kati ya saa nne na saa kumi bila ubishi. Unapombeba mgongoni, kumbuka kwamba joto lako ni lake. Mfunge kwa kitenge chepesi, usimfunike uso, na umshushe kila baada ya muda. Usimwache kwenye gari lililofungwa hata ukienda dukani mara moja tu, kwa kuwa joto la ndani linaweza kupanda kwa takriban nyuzijoto 10 ndani ya dakika 10.

Kwa safari ya asubuhi ya Jumamosi, Kisiwa cha Saanane, kilichopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kiko umbali mfupi wa boti kutoka mjini, na pimbi wanaoota jua juu ya mawe yake huwa karibu kiasi kwamba mtoto mdogo huwaona bila kuonyeshwa kwa kidole. Wahini boti za mapema, na msipande kabla mtoto hajapata jaketi la kuokolea linalolingana na mwili wake. Mkitaka kuogelea, tafuteni bwawa la kuogelea la watoto lililotiwa klorini. Humo hakuna kichocho, ila sheria ya umbali wa mkono inabaki ile ile.

Hatua ya saba: Kumtazama mtoto, si saa

Harara, vile vipele vidogo vya shingoni na mgongoni, hutulia kwa kuoga maji ya kawaida, kukaushwa vizuri na kuvaa nguo pana. Mafuta mazito huziba vinyweleo na kuiongeza harara. Kinachohitaji hatua ya haraka ni mdomo mkavu, kulia bila machozi, macho yaliyodidimia, mkojo mchache wenye rangi nzito, au nepi iliyobaki kavu kwa saa sita. Mhamishie penye ubaridi, mpe maji kidogo kidogo, na kama anaharisha au anatapika, tumia maji maalumu ya chumvichumvi yaliyochanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti yake. Mtoto aliyelegea, anayeweweseka, anayetetemeka kwa degedege au ambaye joto lake limefika nyuzijoto 40 apelekwe kituo cha afya papo hapo, huku akifutwa kwa kitambaa chenye maji njia nzima.

Kosa la kawaida huku Kanda ya Ziwa ni kumhisi mtoto ana moto jioni na kusema, "Ni jua tu." Mweke kivulini umpime baada ya nusu saa. Joto likiwa limefika nyuzijoto 38 au zaidi, akapimwe malaria, hata kama alicheza vizuri mchana kutwa.

Jioni mawe huanza kurudisha joto yaliloliazima mchana, na nyumba zilizo kwenye miteremko hubaki na fukuto mpaka usiku. Mwogeshe mwisho kabisa, na mpaka giza linapoingia awe amevaa nguo ndefu nyepesi. Chandarua kiwe tayari, kwa sababu mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku. Maji ya beseni yanakwenda kwenye mchicha. Beseni linafudikizwa ukutani, brashi inaanikwa juu yake, na pipa linajazwa kwa ajili ya kesho.